Simulizi za zamani za Warhammer 40,000 zilitiwa chumvi kwa makusudi: tuirudishe chumvi mezani

Mkongwe wa Makole

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu ni wa wanaocheza michezo ya vita ya mezani, hasa Warhammer 40,000, hapa Dodoma na kanda ya kati kwa ujumla. Nataka tuzungumzie simulizi zake za zamani. Kanuni tutazifikia, ila naanza na lugha: majina, vyeo, sala, matangazo, na vile vijisentensi vya chini ya ukurasa vilivyomwamuru msomaji aache kufikiri.

Kitabu cha kwanza, Rogue Trader, kilitoka Uingereza mwaka 1987, mwandishi wake akiwa Rick Priestley. Humo kulikuwa na mkaguzi wa Himaya, serikali ya wanadamu wa siku za usoni, aitwaye Obiwan Sherlock Clousseau, jina lililoungwa kutoka kwa wahusika watatu maarufu wa hadithi na filamu. Kulikuwa na mbilikimo wa angani, Squats, ambao baadaye walipewa mapikipiki makubwa ya vita. Kulikuwa na Mfalme wa wanadamu aliyeketi kwenye kiti cha dhahabu, hafi wala haponi, akiendeshwa kwa roho za watu. Vyote hivyo viliishi kitabu kimoja bila mtu kuomba radhi.

Mazingira yaliyokizaa yanajulikana. Uingereza ya miaka ya 1980 ilikuwa na jarida la vibonzo la 2000 AD, lililoanza 1977, ambalo liliwakejeli wababe, makarani na wahubiri wa chuki kwa kuwakuza hadi wapasuke. Waandishi wa mchezo walitoka kwenye hewa hiyo hiyo. Himaya yao haikuwa ya kupendwa. Ilikuwa serikali mbovu kuliko zote zinazowezekana, inayojisifu kwa sauti ya juu kuliko zote.

Hoja yangu ni kwamba chumvi ile ilikuwa na ufundi. Anayejua majigambo yetu ataielewa haraka. Mjigambi hasemi “nilikuwa hodari sana”. Anautaja mto aliouvuka, anahesabu mikuki, anamtaja fahali kwa jina, na uso wake ni mkavu. Akicheka yeye kabla ya wasikilizaji, shughuli imekwisha. Vitabu vya zamani vilijua hilo. Vitabu vya sasa bado vina tarakimu kubwa, pengine kubwa zaidi, lakini vinasimulia kwa sauti ya mwanahistoria anayetaka aaminiwe. Sauti ikishakuwa ya mwanahistoria, sayari iliyopotea kwa kosa la karani inageuka kuwa taarifa.

Karibuni mchangie. Naomba twende kwa vitendo: tunaandikaje hivyo kwa Kiswahili, na tunachezaje hivyo kwa vifaa vya kwetu?

Nyundo ya Chang'ombe

Naunga mkono hoja, mkuu, na naongeza kitu ambacho wengi hawakijui. Ile vita kubwa ya wenyewe kwa wenyewe, uasi wa Horus, jemadari aliyemgeuka Mfalme, ambayo leo ndiyo nguzo ya simulizi yote, ilizaliwa na gharama ya kalibu.

Mwaka 1988 ulitoka mchezo wa Adeptus Titanicus wa mashine kubwa za vita ziitwazo Titani. Boksi lilikuwa na Titani 6 za plastiki, zote za umbo moja, kwa sababu kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali na bajeti ilitosha kalibu moja. Sasa pande zote mbili zina mashine zile zile. Utaelezaje? Ndugu wamegeukana. Basi. Nusu ya Himaya ikawa waasi.

Angalia ilivyokuwa: kwanza shida ya kiwandani, halafu simulizi ikaja kuifunika kwa maneno mazito kuliko shida yenyewe. Ndiyo maana simulizi za enzi ile zilikuwa jasiri. Hakuna aliyekuwa analinda hekalu.

BintiKizota

Mkongwe, shikamoo. Nakubaliana na wewe nusu.

Tusizichanganye enzi. Rogue Trader ya 1987 ni uji wenye kila kitu. Vitabu vilivyofuata, Slaves to Darkness ya 1988 na The Lost and the Damned ya 1990, ni giza, tena zito, ingawa zina jedwali la mabadiliko ya mwili linalohitaji namba kuanzia 1 hadi 1,000. Toleo la pili la mchezo wenyewe, la 1993, ndilo la rangi kali: nyekundu, njano, vitako vya sanamu vya kijani kibichi, na boksi lenye Space Marines 20 (askari wateule wa Himaya), Maorki 20 (viumbe wa kijani wapenda vita), Gretchin 40 (watumishi wao wadogo) na mashine moja ya Maorki iliyotengenezwa kwa kadibodi. Toleo la tatu la 1998 likafyeka mambo mengi ili mchezo uende haraka, na sauti ikawa ya kaburini. Squats wakaachwa, hadi waliporudi 2022 kwa jina la Leagues of Votann.

Kwa hiyo mtu akisema “zamani”, aseme zamani ipi. Mimi naitetea 1990 hadi 1997, wakati kejeli na giza vilikuwa vinavutana kamba na hakuna upande ulioshinda.

Na kuna sababu ya haki ya kubadilika. Kejeli inayosimuliwa kwa uso mkavu ina hatari: wapo waliosoma Himaya wakaona ni mfano wa kuigwa. Novemba 2021 kampuni yenyewe, Games Workshop, ilitoa tamko kwamba Himaya ni kejeli na kwamba wenye chuki hawana nafasi kwenye mchezo. Ukifika mahali unalazimika kutoa tamko, ujue chumvi ilikuwa imepungua kwenye chungu. Kitabu cha 1987 hakikuhitaji tamko. Jina la mkaguzi lilitosha.

Mkongwe wa Makole

Marahaba, binti. Hapo kwenye tamko umesema kitu. Nakubali pia mgawanyo wako wa enzi, tuuchukue hivyo hivyo kwenye uzi huu.

Kuna kipande kimoja hujakigusa: kanuni za mezani zilikuwa zinathibitisha simulizi. Kwenye toleo la pili kulikuwa na guruneti la Vortex. Ukilitupa, shimo linafunguka, kila kilichomo kinatoweka, na kile kibao cha duara kinabaki mezani, zamu inayofuata kinaweza kuhama na kuja kwako. Kulikuwa na kadi ya mlipuko wa virusi iliyoweza kufagia kikosi kikubwa kabla mtu hajasogeza askari. Maorki walikuwa na bunduki ya Shokk Attack, ambayo inawafyatua vijiorki vidogo kupitia kuzimu ili watokee ndani ya deraya ya adui. Hiyo si hadithi ya pembeni. Unarusha dadu, unaangalia wametokea wapi.

Ubaya wake nao tuuseme. Kadi ya virusi inamtoa mchezaji mezani kabla hajacheza. Mtu ametumia mwezi kupaka rangi askari 60, wanaondolewa kwa kadi moja. Chumvi nzuri inaharibu mipango ya mtu, haimnyimi mchezo. Nitarudi na jedwali.

Mtunza Stoo

Wakuu, nije kwenye kuandika. Sisi tulio Dodoma tuna sauti tayari, tena nzuri kuliko ya Waingereza: barua ya kiofisi. Kumbukumbu namba, YAH, aya zenye namba, nakala kwa. Muundo huo ni mkavu kwa asili, kwa hiyo unabeba mambo ya kutisha bila kutetereka. Mfano niliouandika kwa ajili ya Himaya ya kubuni, ili tusinakili ya watu:

*OFISI YA MSAJILI WA SAYARI, KANDA YA KATI*
*Kumb. Na. MS/KK/7719/JZ. 88,412/6*

*Mkuu wa Sayari,*
*Vumbi Nane.*

*YAH: OMBI LA ASKARI 40,000*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Barua yako ya miaka 214 iliyopita imepokelewa leo asubuhi ikiwa na damu kwenye ukurasa wa pili. Unakumbushwa kuwa nyaraka za Ofisi hii huandikwa kwa wino mweusi.*

*3. Ombi lako limekubaliwa. Utaletewa askari 1 na sala 39,999. Askari atakuja na jembe. Jembe lirudishwe stoo likiwa safi.*

*4. Iwapo wakazi wote wamefariki, kama unavyodokeza katika aya ya 7, kila mmoja ajaze Fomu Na. 12 kuthibitisha.*

*5. Kodi ya kipindi husika haijasamehewa.*

*Nakutakia utekelezaji mwema.*

*Nakala: Stoo Kuu (kwa ajili ya jembe).*

Sasa tuifungue. Hesabu inakaa sawa: 1 na 39,999 ni 40,000, na msomaji anayejumlisha ndiye anayeumia zaidi. Neno “kutisha” halipo. Maafa yote yamewekwa pembeni ya sentensi, kwenye “ikiwa na damu” na “kama unavyodokeza”. Ofisi inajali jembe. Ukitaka kupima barua yako, tafuta kile mwandishi wake anachokijali. Kikiwa ni maisha ya watu, umeandika hadithi nyingine, pengine nzuri, lakini si hii.

Yanayoharibika mara nyingi: alama za mshangao (futa zote), mwandishi kumkonyeza msomaji, na majina ya Damu, Giza, Mauti yaliyorundikwa hadi hayana uzito. Jina zuri linaunga kitu kitakatifu na kitu cha gereji au cha masijala: Shemasi wa Mafuta ya Breki. Mpiga Muhuri wa Laana Daraja la II. Askofu wa Spea. Hiyo “Daraja la II” ndiyo inayofanya kazi, maana inaashiria yupo wa Daraja la I anayelaani vizuri zaidi.

Vijisentensi vya chini ya ukurasa viwe na maneno 4 hadi 8, visizidi. Vitatu vya kuanzia:

Swali ni dirisha. Ziba.
Woga ni mali ya Himaya, usiutumie ovyo.
Shukuru kwa kiatu kimoja, adui anatambaa.

Nyundo ya Chang'ombe

“Kwa ajili ya jembe.” Mkuu, umemaliza.

Afande Bahi

Uzi mzuri. Swali la vitendo: sanamu za kuagiza nje, ukiweka usafirishaji na ushuru, zinamshinda mtu. Ladha hiyo ya zamani inapatikanaje kwa vifaa vya hapa mjini?

Kisoda32

Afande, ladha ya zamani ndiyo rahisi zaidi kupata kwa vifaa vya hapa, kwa sababu ilijengwa hivyo hivyo. Gazeti la White Dwarf la miaka ile liliwahi kufundisha kutengeneza tangi la vita linaloelea kwa chupa ya deodoranti. Nakupa mpangilio wa vikosi viwili vya askari 14 kila kimoja.

Askari wa karatasi. Chora au chapa kwenye manila. Kila mmoja anachukua upana wa mm 25 na urefu wa mm 100: mbele mm 40, nyuma mm 40, na ndimi mbili za mm 10 za kugundisha chini. A4 moja inatoa 14, yaani safu 2 za 7. Karatasi mbili, vikosi viwili. Kandamiza mstari wa kukunjia kwa kalamu iliyoisha wino kabla ya kukunja, la sivyo manila inapasuka kichwani na weupe unaonekana.

Toa kopi steshenari, usitumie printa ya wino wa maji. Unga wa mashine ya kopi hauvuji ukipakwa gundi. Wino wa maji unavuja na sura zote zinakuwa bluu. Paka rangi juu ya kopi nyeusi na nyeupe.

Kitako ni kisoda. Kisoda cha soda kina kipenyo cha takriban mm 32, na hicho ndicho kipimo cha vitako vya Space Marines siku hizi (zamani walisimama kwenye mm 25). Meno yaangalie chini. Sugua uso wa juu kwa msasa hadi maandishi yafutike, maana gundi ikishika ile rangi ya kiwandani inabanduka nayo. Jaza ndani kwa wolputi, acha hadi kesho. Bila uzito huo feni ikiwashwa jeshi lote linalala.

Mchanga wa kitako: chukua wa korongo, pitisha kwenye chujio la chai, uoshe mara mbili, uanike. Usipoosha, gundi inashika vumbi badala ya mchanga na baada ya wiki linang'oka kama gamba. Gundi nyeupe ya mbao, chovya, acha ikauke, paka kijani kibichi, halafu brashi kavu yenye njano kidogo juu ya kijani hicho. Ardhi ya Dodoma ni nyekundu na utashawishika kuiiga. Kwa ladha ya 1993, kataa. Kijani kibichi ndicho kinachosema enzi hiyo.

Tangi la chupa ya deodoranti ya roll-on. Tafuta chupa ya plastiki, si ya kioo. Ilaze, mfuniko wake uwe mnara, kijiti cha mshikaki kiwe mzinga, vipande vya ndala viwe matairi kama watoto wanavyotengeneza magari. Tatizo kubwa ni plastiki ya mifuniko: supaglu haiishiki vizuri na rangi inabanduka. Sugua kwa msasa namba 240, kisha usitegemee gundi peke yake. Pasha sindano moto, toboa matundu mawili, pitisha waya, uukunje kwa ndani.

Mawe. Majabali ya granaiti yaliyopandana tunayaona kila siku, yachonge kwa ile foma nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV. Usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja na usitumie supaglu: vyote vinaila foma inabaki mashimo. Paka kwanza gundi 1, maji 1, wolputi 2, mikono miwili, kisha rangi ya maji ya ukutani.

Afande Bahi

Asante sana mkuu. Na kupuliza rangi ya msingi? Huku inakauka hewani kabla haijafika, sanamu inabaki na chengachenga.

Kisoda32

Ni ukavu, joto na upepo kwa pamoja. Pulizia alfajiri kabla upepo haujaamka, sentimita 20 hivi, mikupuo mifupi inayoanza nje ya sanamu na kuishia nje. Ukirudi nyuma hadi sentimita 40, matone yanakauka njiani. Tumia msingi mweupe, si mweusi. Nyekundu na njano za enzi ile haziwaki juu ya mweusi.

Akriliki nayo inakauka kwenye sahani. Weka tishu iliyolowa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia hapo. Rangi inakaa laini muda mrefu zaidi.

BintiKizota

Niongeze bendera na mirabaraba, maana bila hivyo hakuna toleo la pili.

Bendera ya sentimita 4 kwa 6, karatasi ya kawaida ya A4, si manila (manila haitaki kupinda). Ikunje kuzunguka kijiti cha mshikaki, paka gundi iliyopunguzwa maji pande zote mbili, halafu ukiwa bado na umajimaji ipindishe kwenye kalamu mbili, moja mbele moja nyuma, ipate mawimbi. Ikikauka ndipo upake kivuli kwenye mabonde. Andika juu yake sentensi moja ya Mtunza Stoo.

Mirabaraba ya miraba nyeusi na nyeupe kwenye bega: usijaribu kupaka kila mraba. Paka ukanda wote mweupe, piga mstari wa penseli katikati kwa urefu, kisha mistari ya kukatisha kila mm 2, jaza nyeusi mraba mmoja acha mmoja. Itatoka nje kidogo. Rudi na nyeupe kusafisha kingo, na mwisho piga mstari mwembamba mweusi juu na chini ya ukanda. Mstari huo wa mwisho ndio unaoficha makosa yote. Ukiuacha, kazi inaonekana haijaisha.

Mkongwe wa Makole

Nimerudi na jedwali kama nilivyoahidi.

Meza ya sentimita 120 kwa 120, askari 14 kila upande, zamu 6, wachezaji 2 na msimamizi 1. Rogue Trader ilimtegemea msimamizi, na kumwondoa ndiko kulikopunguza ladha kuliko kitu kingine chochote, kwa maoni yangu. Yeye ndiye Ofisi.

Kabla ya mchezo msimamizi anaandika barua mbili za amri kwa mtindo wa Mtunza Stoo na kuzifunga kwenye bahasha. Kila amri iwe na lengo moja la kushinda na sharti moja la kipumbavu linalogharimu. Mfano: teka kisima, lakini askari yeyote akikanyaga majani alipiwe faini ya kurudi nyuma inchi 2. Sharti liguse mwendo au kufyatua. Likigusa mavazi au maneno tu, wachezaji watalisahau kufikia zamu ya pili.

Kila mwanzo wa zamu, mwenye zamu anarusha dadu mbili za kawaida za rangi tofauti. Moja ni makumi, nyingine mamoja: 11 hadi 66, matokeo 36. Yagawe hivi: 18 ni ya kiofisi (fomu haijafika, kikosi kimoja hakifyatui hadi sala isomwe kwa sauti), 10 ni ya mitambo (bunduki inafyatua mara mbili kisha inanyamaza), 5 yanabadilisha uwanja (jabali linahama inchi 6), na 3 tu ndiyo ya maafa makubwa. Mchezo wa zamu 6 una mirusho 12, na kwa matatu kati ya 36 utapata wastani wa afa moja kwa mchezo. Mwanzoni watu huweka maafa 10 au 12. Matokeo yake ni matatu au manne kila mchezo, mipango inakosa maana, na mchezaji anaacha kufikiri kwa sababu hakuna faida ya kufikiri.

Hata afa kubwa lisiue zaidi ya robo ya kikosi. Kwa askari 14, ni 3. Na kila tokeo lisomwe na kumalizwa ndani ya dakika moja. Likihitaji kufungua kitabu, lifupishe au litoe.

Nyundo ya Chang'ombe

Mkongwe, aliyevunja sharti la bahasha bila msimamizi kuona? Tutabishana hadi usiku.

Mkongwe wa Makole

Mpinzani hajui sharti lako, kwa hiyo hawezi kukushtaki, na msimamizi hana macho ya kila mahali. Weka hivi: zamu ya 6 ikiisha bahasha zinafunguliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Aliyevunja sharti anapewa adhabu moja, bila kujali alivunja mara ngapi: askari wake mwenye cheo kikubwa anateremshwa daraja na jina lake jipya linaandikwa chini ya kitako kwa kalamu ya wino mweusi. Mchezo ujao anaanza na daraja hilo.

Mtunza Stoo

Naandaa matokeo 18 ya kiofisi, nitayaweka hapa hapa. La 11 tayari: *Kikosi kimeripotiwa kuwa hai kimakosa. Kisifyatue hadi masahihisho yatakapotolewa.*